UZI: Kidonge cha ugonjwa wa Proteus. Dozi ilipatikanaje, na mbona kujua kama dawa imefanya kazi ni mtihani?

Darubini:

Wakuu, kule kwenye uzi wa dawa za saratani swali lilipita juu juu: inakuwaje dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani apewe mtoto asiye na saratani, ambaye shida yake ni mguu mmoja kukua kuupita mwenzake? Nafungua uzi wake hapa tulijadili kwa nafasi. Nitaanza na Proteus na dawa ya miransertib. Jaribio lake ni dogo, lakini linaonyesha hatua ambayo wengi huiruka: kutafuta dozi kabla ya kutafuta uponyaji.

Proteus ni ugonjwa adimu mno, makadirio ni chini ya mtu mmoja katika milioni. Jina lilitolewa 1983 na daktari Mjerumani, Hans-Rudolf Wiedemann, kwa kumkumbuka mungu wa Wagiriki aliyekuwa akijigeuza maumbo. Mtoto huzaliwa mzima au na dalili ndogo tu. Kuanzia miezi 6 hadi 18 hivi, sehemu moja moja za mwili huanza kukua bila mpangilio: kidole, upande wa fuvu, pingili za mgongo, mafuta chini ya ngozi, mishipa ya damu. Kwenye unyayo hutokea ngozi nene yenye mikunjo kama ya ubongo, na hiyo ni alama nzito sana ya Proteus. Joseph Merrick, yule Mwingereza wa karne ya 19 aliyekuwa akionyeshwa kwa kiingilio kama "mtu tembo", anadhaniwa alikuwa nao. Wengi hutishwa na ukubwa wa kiungo, ila kinachoongoza kwa kuua ni damu kuganda kwenye mishipa ya ndani kisha bonge kukimbilia mapafuni.

Chanzo kilipatikana 2011, na kundi la Leslie Biesecker wa NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya, Bethesda, Marekani. Ni herufi moja ya jeni la AKT1: nafasi ya 49 G imekuwa A, na kwa hiyo asidi amino ya 17 ya protini imetoka glutamati kwenda lisini. Ndiyo hiyo inaitwa E17K. Kati ya wagonjwa 29 waliopimwa, 26 walikuwa nayo. Badiliko hutokea mimba ikiwa imeshatungwa, kwenye seli moja, na vizazi vya seli hiyo tu ndivyo hulibeba. Mgonjwa anakuwa mozaiki: seli zenye kasoro na seli nzima zimechanganyika. Mzazi hajampa, na hakuna aliyewahi kuonekana nayo mwili mzima. Inaaminika mimba ya namna hiyo haifiki.

Kwa kawaida AKT, protini ya jeni hilo, huelea ndani ya seli ikisubiri kuitwa kwenye utando na PI3K, kimeng'enya kilicho juu yake. Yenye E17K hung'ang'ania utando bila kuitwa, ikapachikwa fosfeti, ikaendelea kuiambia seli ikue na isife. Miransertib, zamani ikiitwa ARQ 092 ya kampuni ya ArQule, haigombanii tundu la ATP, molekuli ya nishati ambayo AKT huitumia kufanya kazi. Hujishikiza pembeni, ikaifunga AKT ingali imekunjika, isifike kwenye utando.

Sasa swali la dozi. Mwenye saratani anaweza kuvumilia sumu nyingi kwa miezi kadhaa. Mtoto wa Proteus atameza kidonge miaka, huku akikua. Kwa hiyo NIH hawakupandisha dozi mpaka watu waugue, kama ilivyozoeleka kwenye saratani. Waliuliza: ni dozi gani ndogo itakayoshusha AKT yenye fosfeti kwa asilimia 50 ndani ya tishu iliyoathirika? Waliingiza watu 6, watu wazima na watoto, dozi 5 mg kwa kila mita ya mraba ya mwili kwa siku, takriban moja ya saba ya dozi ya saratani. Watano kati ya sita walifikia lengo. Matokeo yalichapishwa 2019.

Karibuni. Mwenye hoja aje na hoja.

Mzani wa Dawa:

Uzi mzuri. Niongezee hapo kwenye "mita ya mraba", maana ndipo famasia inapokosea.

Hesabu ya eneo la mwili inayotumika sana ni ya Mosteller: zidisha urefu kwa sentimita na uzito kwa kilo, gawa kwa 3600, tafuta kipeuo cha pili. Mtoto wa sentimita 120 na kilo 24: 2880 gawa 3600 ni 0.8, kipeuo chake 0.894. Zidisha kwa 5, unapata 4.47 mg kwa siku.

Proteus inakuja kuvuruga pande zote mbili. Uzito una tishu ya ziada ndani yake, urefu umepunguzwa na mgongo uliopinda. Tuseme kilo 4 kati ya zile 24 ni mguu ulioota kupita kiasi. Ukizitoa, dozi inashuka hadi 4.08 mg, tofauti ya kama asilimia 9. Ukirudi kwenye kilo 24 lakini mgongo umemnyang'anya sentimita 10, unapata 4.28 mg. Kipeuo kinapooza makosa, kwa hiyo hapo hakuna maafa. Tatizo ni kubadilisha njia katikati: mwezi wa kwanza mnapima urefu amesimama, mwezi wa sita mnapima urefu wa mikono iliyonyooshwa, halafu mnadhani mtoto amekua. Chagueni njia moja, iandikwe kwenye itifaki.

Maafa yapo kwenye kukadiria kwenda kidonge kizima. Tuseme una kidonge cha 5 mg tu. Mtoto wa 4.47 mg akipewa 5 amezidishiwa asilimia 12, inavumilika. Mtoto wa 0.5 ya mita ya mraba anahitaji 2.5 mg, ukimpa 5 umempa mara mbili. Kugawa kidonge, kufungua kapsuli ndani ya uji, kumpa siku moja na kuruka moja: kila njia inataka ushahidi wake. Kuruka siku kunategemea dawa inakaa mwilini saa ngapi. Kufungua kapsuli kunategemea kama unga unashika kwenye kikombe, na kama chakula kinabadili ufyonzwaji. Ndiyo maana majaribio mengi huweka umri au ukubwa wa chini wa kuingia, na watu hulalamika kwamba watoto wadogo wanaachwa. Mara nyingine kinachowaacha nje ni saizi ya kidonge.

Nesi Kabati:

Mkuu Darubini umeipita haraka mno ile "asilimia 50 ndani ya tishu". Hapo ndipo jaribio zima lingeweza kufa.

Fosfeti kwenye AKT haikai. Ukikata kinyama, vimeng'enya vinavyoing'oa vinaendelea na kazi huku damu imekatika. Kinyama kikikaa kwenye trei wakati daktari anashona, utapata AKT iliyoshuka vizuri kabisa bila dawa yoyote! Kwa hiyo:

Saa ya kukata na saa ya kugandisha ziandikwe zote mbili, na mwachano uwe uleule kwenye bayopsi (kukata kinyama cha kupima) ya kwanza na ya pili. Kinyama kinatumbukizwa kwenye naitrojeni ya kimiminika palepale kitandani, hakitembezwi kwenda maabara kwanza. Baada ya hapo ni jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, na kikisafirishwa ni barafu kavu yenye kipima joto ndani. Kikiyeyuka njiani hata mara moja, hicho hakina faida tena kwa pAKT (AKT yenye fosfeti), ingawa DNA yake bado ni nzima.

Ganzi idungwe pembeni, isijaze kinyama chenyewe. Bayopsi ya pili isikatwe kwenye kovu la kwanza wala ukingoni mwake, kwa sababu kidonda kinachopona huwasha njia hiyohiyo ya AKT, na utaona dawa "imeshindwa". Insulini nayo huwasha AKT: mgonjwa aliyekula chapati na chai ya sukari saa moja kabla hafanani na aliyelala njaa. Muda tangu chakula cha mwisho na tangu kidonge cha mwisho ulingane safari zote mbili.

Kabla ya kisu, soma kwanza orodha ya dawa zake. Wagonjwa hawa hupata mabonge ya damu, wengine wako kwenye dawa za kuzuia kuganda. Kusimamisha dawa hiyo ili kupata kinyama cha milimita 4 ni uamuzi wa daktari wa damu.

Darubini:

Dada Nesi Kabati, shukrani. Na kuna mtego mwingine: mozaiki yenyewe. Kinyama cha kwanza kinaweza kuwa na badiliko kwenye asilimia 30 ya nakala za jeni, cha pili, sentimita mbili pembeni, asilimia 8. pAKT ikishuka, ni dawa au umekata mahali penye seli nzima nyingi?

Tiba yake: gawa kila kinyama vipande viwili. Kimoja cha protini, kingine cha DNA, upime kiasi cha E17K humo kwa PCR ya matone, inayohesabu nakala za DNA moja moja. Kwenye protini usisome pAKT peke yake, soma uwiano wake na AKT yote, ili kinyama chenye seli chache kisionekane kama kimetulizwa. Kipande kikiwa kidogo, matumizi yapangwe kabla. Nimeona itifaki nyingi za vinyama vidogo zinaweka "vipimo vya ziada vikibaki", na havibaki.

Takwimu Chungu:

Nimekuja kuharibu sherehe kidogo.

Watano kati ya sita ni asilimia 83. Inapendeza. Lakini mipaka ya uhakika ya asilimia 95 ni kuanzia kama 36 hadi karibu 100. Na kuhusu usalama: kama dhara fulani kubwa halikuonekana kwa watu 6, bado linaweza kuwa linampata mtu mpaka asilimia 39 na wewe usilione. Kwa hiyo "ilivumilika vizuri" kwa watu sita maana yake ni kwamba hatukuona jambo baya la kila siku. Zaidi ya hapo hatusemi.

Waandishi wenyewe wako waangalifu, niwape haki yao. Lengo kuu lilikuwa pAKT. Vipimo vya pili vya ufanisi vilikuwa sita, na viwili vilitoa ishara: ule unene wa unyayo ulipungua, na maumivu kwa watoto yalipungua. Ukirusha mishale sita, miwili ikagusa, huwezi kurudi ukasema ulikuwa unalenga hiyo miwili. Maumivu hasa ni kipimo dhaifu pale ambapo kila mtu anajua anameza dawa, mzazi ana matumaini, na daktari anatabasamu. Unyayo nauamini zaidi kwa sababu picha inaweza kusomwa na mtu asiyejua ni ya kabla au ya baada.

Hitimisho lao lilikuwa kwamba 5 mg kwa mita ya mraba ni mahali pazuri pa *kuanzia* jaribio la ufanisi. Anayesoma hapo "dawa ya mtu tembo" amesoma kisichoandikwa.

Chwaka77:

Swali kwa Takwimu Chungu. Kwa nini wasigawe tu makundi mawili, hawa dawa, hawa kidonge kitupu, tukamaliza ubishi?

Takwimu Chungu:

Swali la haki mkuu. Sababu tatu, uzito wake haulingani.

Ya kwanza ni idadi. Ugonjwa wa chini ya mmoja katika milioni. Hata ukikusanya kutoka mabara yote unapata wachache wa kuingia jaribioni. Tena hawafanani: huyu ameathirika fuvu, yule mguu, mwingine mapafu. Ukiwagawa, makundi hayalingani hata kwa bahati.

Ya pili ndiyo nzito. Ukuaji wa mfupa haurudi nyuma. Mtoto wa miaka 4 ukimweka mwaka mzima kwenye kidonge kitupu, kidole alichoongezea mwaka huo hakuna dawa itakayokirudisha. Kuna njia za kupunguza hasara: wote waanze dawa kwa tarehe tofauti zilizopangwa kwa bahati nasibu, au wote wapewe halafu walionufaika wagawiwe kuendelea au kusimama. Hiyo ya kusimamisha ina ubishi wake, maana wazazi wakishaona nafuu hawataki kusikia.

Ya tatu ni pesa, na sina la kuongeza hapo.

Njia ya katikati ni mgonjwa kujilinganisha na yeye mwenyewe. Mfano wake mzuri ni jaribio la sirolimus, dawa ya kupunguza kinga, lililoitwa PROMISE, kwa wenye ugonjwa wa jirani, ule wa jeni la PIK3CA, matokeo 2019. Watu 39, vituo vitatu. Wiki 26 za kwanza hakuna dawa, wanapimwa tu. Wiki 26 zinazofuata sirolimus kwa kiwango kidogo, damu ikilengwa kati ya nanogramu 2 na 6 kwa mililita. Walipima ujazo wa tishu kwa mashine ya DXA (ya eksirei), upande ulioathirika na upande mzima. Waliomaliza ni 30, waliofaa kuhesabiwa kwenye kipimo kikuu 23. Upande mgonjwa ulipungua wastani wa asilimia 7.2. Upande mzima haukubadilika kwa maana ya kitakwimu.

Sasa tazama mtawanyiko (standard deviation): 16.0. Wastani wa 7.2 chini wenye mtawanyiko wa 16 unamaanisha kwamba, kama mgawanyo ni wa kawaida, mtu mmoja kati ya watatu aliongezeka akiwa kwenye dawa. Na bei yake: 28 kati ya 39 walipata angalau dhara moja lililohusishwa na dawa, na 7 waliondolewa kwa sababu hiyo. Dawa hii inafanya kitu, kidogo, kwa baadhi, kwa gharama. Hiyo ndiyo sentensi ya kumwambia mzazi.

Chwaka77:

Na hiyo miezi sita ya kungoja bila dawa si ni ileile hasara ya kidonge kitupu?

Takwimu Chungu:

Ni ileile, umenibana. Tofauti ni kwamba kila mtu anajua tarehe ya kuanza. Na inakupa kasi ya ukuaji ya huyo mtoto kabla ya dawa, ambayo huwezi kuikopa kwa mwingine. Bila hiyo kuna ugonjwa wa takwimu: watu huja kujiandikisha wakati hali imechachamaa. Kilichochachamaa sana kina tabia ya kupoa chenyewe, na dawa inabeba sifa zisizo zake.

Nesi Kabati:

Kuhusu picha za unyayo, kwa wanaotaka kuiga nyumbani au kliniki. Kamera kwenye stendi, umbali mmoja uliopimwa, rula kando ya mguu ndani ya fremu, mwanga uleule, mguu *usikanyage* kitu, kwa sababu ukikanyaga ile mikunjo hujitandaza na eneo linadanganya. Wasomaji wawili, kila mmoja achore mpaka wa unene peke yake bila kujua tarehe. Jibu liwe asilimia ya unyayo iliyofunikwa, kwa sababu mguu wa mtoto wenyewe unakua. Ukiandika sentimita za mraba utaona ongezeko hata pale ambapo unene umesimama. Unene huu huongezeka utotoni kisha hutulia ukubwani, kwa hiyo mtu mzima ambaye "hajaongezeka" kwa mwaka hajathibitisha kitu. Mtoto aliyepungua, hapo unakaa vizuri kitini.

MRI ni nzuri zaidi kwa ujazo wa ndani, ila mtoto mdogo hatulii bila kulazwa usingizi, na chuma cha upasuaji wa kunyoosha mfupa hutia doa jeusi palepale unapotaka kusoma.

Mzani wa Dawa:

Tuingie kwenye madhara, maana hapa kila dawa ya njia hii inafanana na nyingine.

AKT2 ndiyo inayopeleka ujumbe wa insulini. Miransertib huzuia AKT za aina zote tatu, kwa hiyo sukari ya damu kupanda ni jambo la kutarajiwa, kama ilivyo kwa alpelisib inayozuia PI3K juu yake. Kabla ya kuanza pimeni sukari ya asubuhi kabla ya kula na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita), kisha sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Na kwa ukanda wetu sikilizeni: mtoto mwenye selimundu, au aliyetoka kuongezewa damu, HbA1c yake haiaminiki, kwa sababu chembe zake nyekundu haziishi muda wa kawaida, au ni za mtu mwingine. Mara nyingi itasoma chini, mtadhani salama. Tumieni kipimo cha fruktosamini kama kipo, au sukari ya kidole kwa ratiba.

Vidonda vya mdomo: vianze kutazamwa wiki za kwanza, mswaki laini. Mtoto akiacha kula kwa ajili ya mdomo, hesabu ya uzito inabadilika na dozi nayo. Upele ukija na homa au malengelenge, dawa isimamishwe siku hiyohiyo, maswali baadaye.

Kifua kikuu kinaleta mgongano mkubwa. Rifampisini huchochea ini kuvunja sirolimus kwa kasi mpaka kiwango kwenye damu kinaporomoka, na alpelisib nayo haitakiwi pamoja na vichochezi vikali vya namna hiyo. Efavirenz ya VVU na baadhi ya dawa za kifafa nazo huchochea ini, ingawa efavirenz ni kwa nguvu ya wastani. Upande wa pili kuna balungi na ketokonazoli, zinapandisha sirolimus. Damu ya kupima sirolimus ivutwe kabla ya dozi ya asubuhi, damu nzima kwenye chupa ya EDTA (yenye kizuia kuganda). Wanaovuta saa mbili baada ya kidonge wanapata namba ya kilele, wanapunguza dozi, mtoto anabaki bila tiba.

Sirolimus inapunguza kinga, kwa hiyo chanjo zenye vijidudu hai zipangwe kabla.

Darubini:

Nimalizie na kipimo cha jeni, maana hapo pesa nyingi hupotea.

Kwa Proteus usitume damu. E17K kwenye damu karibu haionekani kabisa, na jibu la "hakuna kasoro" litamfungia mgonjwa mlango wa jaribio. Tumeni kinyama kutoka mahali palipoathirika, unene wa unyayo ukiwepo ndio bora. Na msikubali usomaji wa kawaida wa DNA unaoitwa Sanger, kwa sababu chini ya asilimia 15 hadi 20 hauoni. Utafiti wa 2011 ulipata badiliko kuanzia asilimia 1 ya nakala hadi karibu 50. Mnataka usomaji wa kina au PCR ya matone. Maabara ikitaka kukuza seli kwanza, waambieni watenge sehemu ya DNA ya moja kwa moja, kwa sababu kwenye sahani seli zenye kasoro zinaweza kuzidi au kupotea.

Kutofautisha jeni ni lazima. Wengi wanaoitwa "Proteus" wana PIK3CA, na dawa ni nyingine. Kwa kawaida wa PIK3CA huzaliwa na ukubwa tayari unaonekana, wa Proteus huja baadaye na kuharibu umbo kwa kasi. Huku kwetu mguu mkubwa wa mtoto huitwa matende upesi sana. Matende ya minyoo huchukua miaka ya kuumwa na mbu mpaka yajitokeze. Mtoto wa miaka miwili mwenye mguu mmoja mnene na kidole kirefu kupita vingine, fikirieni jambo jingine kwanza.

Kwa Tanzania, kinyama kikivuka mpaka kwa ajili ya utafiti kinahitaji kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na mkataba wa kuhamisha sampuli, na jaribio la dawa lenyewe linahitaji idhini ya TMDA (mamlaka ya dawa). Anzeni karatasi kabla ya kisu.

Takwimu Chungu:

Kabla hamjasema alpelisib imeshinda: FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliipa idhini ya haraka Aprili 2022 kwa wenye PIK3CA kuanzia miaka 2. Msingi ulikuwa EPIK-P1, ambayo ni kupitia mafaili ya waliokuwa wanapewa dawa kwa huruma, kabla haijaidhinishwa. Mafaili 57, lakini 37 tu ndiyo yaliyokuwa na picha za mwanzo za kufaa. Waliopungua asilimia 20 au zaidi kufikia wiki ya 24 ni 10, yaani asilimia 27, mipaka 14 hadi 44. Nyuma yake kulikuwa na wagonjwa 19 wa Guillaume Canaud, hospitali ya Necker, Paris, waliochapishwa 2018, ambao waliwashangaza wengi. Kutoka picha za kushangaza hadi asilimia 27 ni safari ya kawaida kabisa. Sisemi ni mbaya. Kwa tishu isiyopungua yenyewe, 10 kati ya 37 ni wengi.

Chwaka77:

Na miransertib leo iko wapi?

Darubini:

ArQule ilinunuliwa na kampuni ya Merck Januari 2020, na kilichowavuta zaidi ilikuwa dawa yao nyingine, ya saratani ya damu. Kwa Proteus miransertib imebaki dawa ya utafiti. Usitegemee kuikuta kwenye duka la dawa.

Nesi Kabati:

Mmesahau jambo dogo linaloharibu majaribio yote ya kidonge: mtoto kutapika. Itifaki lazima iseme. Kwa alpelisib maelekezo ni kutorudia, subiri dozi ya kesho. Dozi iliyosahaulika inamezwa ndani ya saa 9, ikipita hapo inaachwa. Inamezwa na chakula, saa ileile kila siku. Asiyeweza kumeza, kidonge kinawekwa kwenye maji kidogo, dakika 5, kinapondwa kwa kijiko, anakunywa mara moja, kikombe kinasuuzwa naye anakunywa suuzo. Kikikaa zaidi ya saa moja kinamwagwa.

Na chupa zirudi kliniki na vidonge vilivyobaki. Chupa ikirudi tupu kabisa tarehe ambayo vinne vilitakiwa kubaki, ulizeni kwa upole. Mara nyingi ni ndugu mwingine aliyekuwa anampa bila kujua kwamba mama ameshampa.

Mzani wa Dawa:

Au vimemwagika, na kila mtu anaogopa kusema. Toeni daftari lenye safu ya "vilivyopotea", muone zitakavyojazwa.